Mbeya: kazi zangu zilikuwa zinaenda Dar kwa basi. Faiba imefika mtaani, njooni tupeane uzoefu wa mtandao wa kasi Nyanda za Juu Kusini

#1 LenziYaSoweto (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpiga video, ofisi iko Soweto hapa Mbeya. Harusi, sendofu, mahafali, misiba, matangazo ya maduka, yote napiga. Nimeanza kazi hii enzi za kanda ndogo, kwa hiyo kwenye suala la kutuma kazi mbali nimepita njia zote.

Kwa miaka mingi mteja akiwa Dar njia ilikuwa moja. Naweka kazi kwenye DVD, baadaye flashi au diski, naifunga kwa gazeti na selotepu, naandika namba ya simu kwa maka peni, alfajiri nawahi stendi kuu kumkabidhi wakala wa basi. Usiku mteja anachukua, zamani Ubungo, siku hizi Mbezi Luis. Basi likiharibika Kitonga mteja hampigii dereva, ananipigia mimi.

Baadaye 4G ikaja tukadhani tumepona. Filamu ya harusi ikishakamilika kwangu huwa gigabaiti 8 hivi. Pale ofisini simu ilikuwa inashusha vizuri tu, megabiti 25 kwa sekunde, video yoyote unatazama bila kuzunguka. Lakini kupandisha, yaani kutuma kwenda mtandaoni, ilikuwa 3, tena usiku wa manane. Piga hesabu: gigabaiti 8 ni megabiti 64,000 (baiti moja ni biti nane), gawanya kwa 3, unapata karibu saa sita. Ukifika asilimia 90 inakata, unaanza upya, na bando limeshaliwa. Nimelala ofisini mara nyingi kuliko mlinzi.

Faiba, yaani mtandao wa uzi wa kioo, ilipopita mtaani nikawa mtu wa kwanza kujaza fomu. Dada wa mapokezi akaniambia "megabiti 20 bila kikomo", nikafurahi, nikalipa. Fundi akafunga, nikapima: kushusha 20, kupandisha 5. Nikarudi kuuliza, naambiwa ndivyo kifurushi cha nyumbani kilivyo. Wateja wote wanauliza movie itafunguka kwa kasi gani, kasi ya kupandisha hakuna aliyewahi kuiulizia. Nikahamia kifurushi cha ofisi, 20 kwenda na 20 kurudi, ghali zaidi. Ile harusi ya gigabaiti 8 sasa inatoka kwa dakika 53. Naweka, naenda kula chipsi Kabwe, narudi imefika.

Hoja yangu ni hii. Tukisema "mtandao wa kasi" tunapima kinachoingia ndani. Kinachoingia mimi nakilipia. Kinachotoka ndicho kinanilipa. Anayeuza kazi yake nje ya Mbeya, awe mchora ramani, mhasibu, mtunza picha za hospitali au mpiga video kama mimi, anaishi kwa kupandisha. Ila hata kwenye fomu namba hiyo haiandikwi.

Kuna kisa kilinifundisha haya kuliko namba. Niliitwa msibani Tukuyu, mzee wa watu amefariki, watoto wawili wako Marekani na mmoja Uingereza, viza na nauli haviwezekani kwa siku tatu. Familia wanataka mazishi yaonekane moja kwa moja. Kwa picha safi unahitaji megabiti 4 hadi 6 za kupandisha, mfululizo, zisitetereke. Jana yake nilipima pale uwanjani kwa simu nikapata 7, nikasema safi. Siku yenyewe nimewasha, 0.4. Kulikoni? Watu zaidi ya mia nne wamekaa chini ya mnara mmoja, na kila mmoja amekuja na simu yake na anatuma picha kwenye grupu la ukoo. Yaani wafiwa walivyokuwa wengi ndivyo watoto wa marehemu walivyokosa kuona.

Kilichotuokoa ni mwalimu jirani aliyekuwa na faiba nyumbani. Tukavuta waya wa mtandao kutoka dirishani kwake kupita kwenye migomba, kama mita 80 hivi (ukizidi 100 waya ule hauna uhakika). Mazishi yakaenda hewani. Nilipomaliza, binti wa marehemu alipiga simu kutoka huko aliko, akawa hasemi kitu, analia tu. Bibi mmoja akaniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Sikumbuki kazi nyingine niliyolipwa vizuri vile.

Sasa nataka kusikia kwenu. Iringa, Njombe, Songwe, Mafinga, Kyela: mtandao wa kasi umekubadilishia nini mfukoni na maishani?

#2 Kibajaji_Nzovwe

Nimekaa kiti cha mbele. Waje wenye data.

#3 MkaangaSumu

Mleta mada, hiyo diski kwenye basi usiidharau. Nimepiga hesabu sasa hivi nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Diski ya gigabaiti 500 ni megabiti milioni 4. Basi kutoka Mbeya hadi Dar, pamoja na kusimama kula na foleni ya kuingia mjini, tufanye saa 14, ambazo ni sekunde 50,400. Gawanya. Basi lako lilikuwa linapandisha megabiti 79 kwa sekunde. Faiba yako ya 20 inaachwa mbali kabisa na konda.

Mwaka 2009 Afrika Kusini jamaa wa kampuni moja ya Durban walifungia kadi ya gigabaiti 4 mguuni kwa njiwa aitwaye Winston, wakamrusha kilomita 80 hivi, huku wanatuma data zilezile kwa laini ya ADSL, intaneti ya waya wa simu ya mezani. Ukijumlisha kuruka na kuhamisha data kutoka kwenye kadi, ilichukua saa mbili na dakika chache. Laini ilikuwa imefika asilimia 4.

#4 LenziYaSoweto (mleta mada)

@MkaangaSumu nimecheka hadi mteja kauliza kuna nini. Lakini uko sahihi na nakiri hadharani: rashi, yaani picha ghafi, bado napeleka kwa basi. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100, saa moja ni gigabaiti 45. Kamera mbili, sherehe ya saa tano, hapo ni 450. Kwa faiba yangu hiyo ni saa 50 bila kupumzika. Anayehariri yuko Sinza, anazihitaji kesho. Basi linashinda.

Kilichobadilika ni kazi iliyokamilika, marekebisho ("fundi, ondoa ile sura ya shemeji") na kuongea na mteja akiwa anaona. Zamani rekebisho moja lilikula siku mbili, kwenda na kurudi.

#5 Steshenari_Miyomboni

Kamwene wote. Mimi ni dada wa steshenari hapa Iringa mjini, karibu na vyuo, kwa hiyo wateja wangu ni wanafunzi, waomba ajira, mafundi ujenzi na wazee wa NIDA.

Naunga mkono mia kwa mia suala la kupandisha. Angalieni kazi zangu za siku: maombi ya mkopo wa HESLB, unapandisha vyeti. Ajira Portal, unapandisha vyeti. Kusajili jina la biashara BRELA, unapandisha. Zabuni za serikali kwenye mfumo wa NeST, unapandisha hadi unachoka. Serikali imehamia mtandaoni kwa kasi, na mwananchi kazi yake kubwa humo ni kusukuma makaratasi yaende juu. Anayeshusha ni yule anayekuja kuchapisha kontroo namba tu.

Ila kuna jambo nalisema kila siku na watu hawanisikii: wakati mwingine mtandao hauna kosa. Mwezi uliopita alikuja mkandarasi mdogo, zabuni inafungwa saa nne asubuhi, amekuja saa tatu na nusu (wanaume jamani). Ana nyaraka amezipiga skani sehemu nyingine, rangi, kiwango cha nukta 600 kwa inchi. Karatasi moja ya A4 kwa kiwango hicho ikiwa ghafi ni megabaiti 104! Ikishabanwa inapungua, lakini bado ilikuwa mizigo tu. Nikazipiga upya zote, bila rangi, kijivu tu, kiwango cha 200. Ukurasa ghafi unakuwa chini ya megabaiti 4, mara 27 ndogo, na maandishi yanasomeka bila shida. Tumemaliza zikiwa zimebaki dakika sita. Kijasho kilichomtoka kingejaza ndoo.

Kwa hiyo wenye steshenari wenzangu, kabla ya kumlaumu mtoa huduma, angalieni mpangilio wa skana.

#6 Viazi_Isyonje

Mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu.

Nalima viazi mviringo huku Isyonje, familia nzima. Sijawahi kuona faiba na sijui kama nitaiona. Bei ya viazi Dar naipata kwa simu ya kawaida kabisa, dalali wa Mabibo ananipigia au ananitumia sauti WhatsApp. Sekunde 30, basi. Megabiti 20 za nini? Nizimwage shambani kama mbolea?

Kinachoniua mimi ni barabara wakati wa mvua, ni lumbesa, na ni lori kukwama na mzigo unaoza. Hakuna kasi ya mtandao itakayonyoosha kile kilima. Mnapoandika "Nyanda za Juu Kusini" kumbukeni wengi wetu tuko juu kwenye nyanda kweli, si Soweto wala Miyomboni.

#7 Mkufunzi_Iyunga

@Viazi_Isyonje hoja yako ina uzito na utafiti unakuunga mkono kwa sehemu.

Kuna kazi maarufu ya mchumi Robert Jensen iliyochapishwa 2007 kuhusu wavuvi wa dagaa wa jimbo la Kerala, India. Minara ya simu iliingia pwani ile kati ya 1997 na 2001, eneo kwa eneo. Kabla ya simu, soko moja samaki wanamwagwa kwa kukosa mnunuzi, na kilomita chache tu pembeni wanunuzi wamekosa samaki. Baada ya simu, mvuvi akawa anapiga akiwa bado majini, anauliza wapi kuna uhaba. Umwagaji ukaisha kabisa, faida ya mvuvi ikapanda kwa asilimia 8, na mlaji naye akanunua kwa bei pungufu kwa asilimia 4. Hiyo ilikuwa simu ya kupiga tu, hata picha haitumi. Kwa habari ya bei, dalali wako wa Mabibo na sekunde zake 30 vinatosha.

Lakini kasi ina kazi yake nyingine. Mwaka 2019 Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichapisha utafiti wa nchi 12 za Afrika. Waliangalia nini kilitokea mikongo ya baharini (nyaya kubwa za mtandao) ilipotua pwani na kasi ikapanda kwenye miji iliyokuwa tayari imepitiwa na nyaya za nchi kavu. Ajira ziliongezeka, hata kwa watu wasio na elimu kubwa, na hawakuona dalili kubwa kwamba kazi zilihama tu kutoka sehemu nyingine. Kampuni mpya zilifunguliwa zaidi, na zilizokuwepo zikauza nje zaidi.

Kwetu SEACOM ilitua Dar 2009, EASSy ikafuata 2010, na miaka hiyohiyo Mkongo wa Taifa ukawa unatandazwa bara. Bila ule wa nchi kavu, kasi ingeishia Kigamboni. Mkongo huo unapita kwetu na kuvuka hadi Zambia kupitia Tunduma na Malawi kupitia Kasumulu. Kwa hiyo mtu wa Karonga, Malawi, akifungua barua pepe, inawezekana imepita Uyole ikiwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Viazi vya Isyonje navyo vinashukia Uyole, sema vyenyewe vinashuka taratibu.

#8 Viazi_Isyonje

Mkufunzi umejibu vizuri, nakuheshimu. Lakini nimeona hukugusa barabara.

#9 Mkufunzi_Iyunga

Barabara sina jibu, mkuu.

#10 Fundi_Nyuzi

Nafanya kazi ya kuunganisha nyuzi za kioo mikoa ya huku. Sitaji nani kaniajiri. Niwape yaliyomo ndani ya boksi.

Kwanza, kwa nini simu inashusha vizuri lakini kupandisha inakufa? Mnara unatangaza kwa nguvu za makumi ya wati. Simu yako inajibu kwa wati 0.2 hivi, tena kutoka mfukoni, nyuma ya ukuta wa tofali la kuchoma, na kilima cha Mbeya katikati. Mnara una kipaza sauti, simu inanong'ona. Sasa weka watu mia nne wote wananong'ona kwa wakati mmoja, ndiyo ule msiba wa Tukuyu.

Pili, faiba ya majumbani. Uzi mmoja kutoka kituoni unagawanywa kwa nyumba 32 au 64 kwa kifaa kidogo cha kugawa mwanga, hakitumii hata umeme. Mfumo uliozoeleka unabeba gigabiti 2.5 kushuka na 1.25 kupanda. Chukua hiyo 1.25, igawe kwa nyumba 64 zote zikiwa zinapandisha kwa pamoja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kila nyumba inapata megabiti 19 na nusu. Kwa hiyo ukiuziwa 20 kushuka na 5 kupanda, uzi hauna kosa, hayo ni maamuzi ya watu wa mauzo. Ukidai, wanabonyeza kitufe tu, hakuna mtu anayepanda nguzo.

Tatu, watu wanalaumu umbali. "Aah, Mbeya mbali, seva iko Dar." Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar kwenda na kurudi, hata tukisema kilomita 1,700, ni chini ya sehemu 9 za elfu za sekunde. Hata ukikonyeza jicho unachelewa kuliko hapo. Mtandao ukiwa mzito jioni, tatizo ni msongamano. Njia ni ndogo kuliko wateja waliouziwa.

Na mwisho, adui yetu mkubwa si nyoka wala radi, ni kijiko cha kuchimba mtaro. Wanapanua barabara, wanalaza bomba la maji, mtu hana ramani, anakata uzi. Sisi tunaitwa saa nane usiku kwenye baridi ya Uyole, tunakaa ndani ya gari na mashine ya kuyeyushia, uzi mmoja mmoja, mwembamba kama unywele. Vidole vimekufa ganzi. Halafu asubuhi nakuta uzi huku ndani "hawa jamaa wezi tu".

#11 Steshenari_Miyomboni

@Fundi_Nyuzi pole kaka yangu. Mimi ni mmoja wa walioandika hivyo. 😂

#12 Forodha_Tdm

Tunduma hapa. Natoa mizigo, wakala mdogo.

Sisi hatuhitaji kasi kubwa, tamko la forodha ni fomu na viambatisho, megabaiti chache. Tunahitaji mtandao usizimike. Lori la shaba kutoka Zambia au la mafuta kwenda Kongo likilala siku moja zaidi, mwenye gari anahesabu hasara kwa dola. Siku hizi tunatanguliza nyaraka kabla gari halijafika, dereva akiwa bado yuko Makambako tayari mimi nimeshaanza. Upande wa pili Nakonde nao wana mfumo wao, ASYCUDA, kwa hiyo upande mmoja ukilala foleni inarudi hadi mjini, na mji wenyewe mnaujua ulivyobanana.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 sitaisahau. Mikongo miwili ya baharini ilikatika kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na ile ya upande wa Bahari ya Shamu ilikuwa na majeraha tangu miezi ya nyuma. Jumatatu nakuja ofisini, simu zinapiga, lakini WhatsApp haifunguki, barua pepe ya mteja wa Lubumbashi haifiki, na ankara yake iko kwenye barua pepe. Madereva wamekaa chini ya magari wanacheza drafti. Siku zile nilijua kwamba kazi yangu ya Tunduma, kilomita zaidi ya 900 kwa barabara kutoka baharini, imefungwa na kamba iliyolala chini ya bahari.

Tangu siku hiyo kila nyaraka ya mteja naishusha siku ileile inapofika, naitunza kwenye kompyuta ya ofisini.

#13 Mdau_wa_Nakonde

Mkuu wa Tunduma, Zambia huduma ya Starlink, intaneti ya satelaiti, ilianza Oktoba 2023, Malawi Julai mwaka huohuo. Siku kama ile ya Mei ningekukaribisha upande wetu unywe chai na utume barua pepe yako. Satelaiti zile ziko kilomita 550 hivi juu, si kama zile za zamani zilizokaa karibu kilomita 36,000, ukisema "haloo" jibu linakuja baada ya nusu sekunde na zaidi.

#14 Fundi_Nyuzi

Ni nzuri kwa kijiji ambacho uzi hautafika. Kwa mji, uzi hauna mpinzani. Na satelaiti pia ukishusha data lazima itue kituoni, inaingia kwenye nyaya hizihizi. Na kupandisha kwake bado ni kudogo kuliko kushusha, tusidanganyane.

#15 Kifua_na_Mifupa

Nafanya kazi ya kupiga picha za mionzi hospitali moja Nyanda za Juu Kusini. Jina la hospitali nalihifadhi.

Madaktari bingwa wa kusoma picha hizi ni wachache nchini, wengi wako Dar. Mgonjwa wa ajali akiingia usiku, tunapiga CT ya kichwa na shingo. Kila kipande cha picha ni nusu megabaiti, vipande 500 ni megabaiti 250. Kwa laini tuliyokuwa nayo mwanzo, kupandisha megabiti 2, hiyo ni dakika 17 kama hakuna mtu mwingine anayetumia. Na huwa yupo, maana waifai ileile ndugu wa wagonjwa wameshaijua nywila yake. Ukiwa na 20 ni sekunde 100.

Damu ikivuja ndani ya fuvu, dakika 15 ni nyingi sana. Niliwahi kusimama pembeni ya kompyuta natazama ule mstari wa kijani unavyosogea, daktari wa zamu ananiuliza "bado?" na mimi namjibu "bado". Tuliishia kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu na kutuma WhatsApp. Bingwa akasema haoni vizuri. Nitaishia hapo kuhusu usiku ule.

Sasa mashine ya picha ina laini yake peke yake, ruta imewekwa itangulize picha za mgonjwa kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo mipangilio haikuhitaji kununua kifaa kipya, ilihitaji tu mtu anayejua kuingia kwenye ruta. Nawashauri vituo vingine muulize.

#16 LenziYaSoweto (mleta mada)

@Kifua_na_Mifupa umeninyamazisha. Mimi nalalamikia harusi.

#17 Kakao_Kyela

Ugonile. Nitoke kidogo kwenye majonzi.

Huku Kyela kakao tunauza kwa stakabadhi za ghala, mnada unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, wanunuzi wanaweka bei wakiwa huko waliko. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, wazee wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, walikuwa wanazijua bei za London na New York kuliko za samaki wa Ziwa Nyasa. Mzee mmoja hajui kusoma vizuri, lakini mjukuu anamfungulia grafu ya bei kila asubuhi, anasema "leo imekaa vibaya, tusubiri mnada ujao".

@Viazi_Isyonje nakubaliana, hiyo grafu ni data ndogo, simu ya kawaida inatosha. Lakini mnada wenyewe unahitaji mtandao usiokatika pale ofisini, maana ukikatika katikati ya bei, watu mia mbili waliosimama nje wanaanza kunong'ona kwamba kuna mchezo. Mtandao ukiwa imara ugomvi unapungua. Bei mbaya wanaikubali ilimradi wameiona.

#18 MamaWawili_Mafinga

Mmeongea ya kazi, na mimi niongee ya nyumbani. Tumefunga faiba mwaka huu. Mume wangu yuko kwenye mbao, anatuma video za mzigo kwa wateja wa Dodoma, hilo limesaidia kweli, mteja anaona mbao kabla ya kutuma pesa na hakuna tena "hizi siyo zile". Mimi nasoma chuo kwa masafa, darasa liko kwenye video saa mbili usiku, watoto wakiwa wameshalala.

Tatizo ni kijana wangu wa kidato cha tatu na rafiki zake watano ambao ghafla wamependa sana kuja "kujisomea" kwetu. Kumbe wanapanga mikeka ya kubeti. Ruta sasa naizima saa nne usiku, naenda nayo chumbani. Kama kuna fundi anajua namna ya kufungia simu moja moja aniambie, maana nimechoka kulala na ruta.

#19 Fundi_Nyuzi

Mama, ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya kudhibiti vifaa, kila simu ina namba yake, unaipangia saa. Kama hujabadilisha nywila ya kuingilia, badilisha leo, maana kijana wa kidato cha tatu ameshaijua. Nitakuandikia hatua kwa hatua PM.

#20 Viazi_Isyonje

Nimesoma wote. Sijabadili msimamo kuhusu barabara. Ila binti yangu yuko hapo chuo kikuu cha TEKU, ameniambia nijaribu kutuma video fupi ya shamba kwa wanunuzi wa Dar moja kwa moja, bila dalali. Nimepanda kilimani kutafuta mtandao, video ya dakika mbili imechukua dakika arobaini. Sasa ndiyo nimeelewa mnachokisema kuhusu kupandisha.

Mnunuzi mmoja amejibu. Anataka kuona zaidi, shamba zima na ghala.

#21 LenziYaSoweto (mleta mada)

Mzee wangu, usipande kilima tena. Piga video zako zote tulia, weka kwenye kadi, siku ukishuka na mzigo Uyole nishtue. Nitazipunguza ukubwa na kuzituma hapa ofisini, bure, ya kwanza.

#22 Viazi_Isyonje

Asante kijana. Nashuka Alhamisi. Lakini kadi nitampa dereva wa Noah akuletee Kabwe Jumatano, ndiyo itawahi.

#23 MkaangaSumu

Tumerudi kwa Winston.